Utawala au Tofauti: Nadharia Ipi Ikufae Kisumu?

Ukitaka kuchunguza lugha na jinsia kwenye baraza la Kondele, mtaa wa Kisumu, njia ni mbili. Nadharia ya utawala huuliza nani ana mamlaka. Mwaka 1975, huko Marekani, watafiti Zimmerman na West walionyesha kwamba katika mazungumzo ya mwanamume na mwanamke waliyorekodi, karibu kila ukatizaji ulifanywa na mwanamume. Sikiliza baraza: mama anaanza kueleza shida ya maji, mzee anadakia, "Mama, fupisha," kisha katibu anaandika maneno ya mzee. Hiyo ni nguvu, si mtindo tu.

Nadharia ya tofauti, aliyoieneza mwanaisimu Deborah Tannen mwaka 1990, husema kila jinsia imekuzwa na desturi yake ya kuzungumza. Kwa soga za sokoni Kibuye, sawa. Barazani naikataa: haimuulizi katibu kwa nini hoja ya mama haikuandikwa.