Idara ya dharura niliyompeleka mwanangu mwenye mtindio wa ubongo: nyota nne kati ya tano

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenye watoto kama wangu. Nilipokuwa natafuta maoni ya watu kuhusu huduma za dharura hapa Dar es Salaam, nilikuta wanasifia vigae, viyoyozi na lugha nzuri ya mapokezi. Mzazi mwenye mtoto asiyeongea, asiyekaa mwenyewe, na kifafa juu yake, anataka kujua mambo mengine kabisa. Hospitali ninayoizungumzia ni ya serikali, ya rufaa ya mkoa. Jina naliacha kwa sababu nitasema na kasoro zake, na wale wahudumu wa usiku sitaki waitwe ofisini kwa maneno yangu.

Mwanangu ana miaka 11. Mikono na miguu yake imekaza, anakula chakula kilichosagwa, na dawa yake ya kifafa ni sodiamu valproeti, asubuhi na jioni. Uzito wake ni kilo 17. Nautaja uzito kwa makusudi: dawa nyingi za watoto, za degedege zikiwemo, zinapigiwa hesabu kwa kilo, na anayeangalia umri peke yake atamkadiria mwanangu karibu mara mbili ya alivyo.

Alikuwa na homa na kifua tangu mchana. Usiku degedege likaanza, likapita dakika 5 bila kukata. Kabla ya dakika hizo namlaza ubavu, namlegezea nguo shingoni na kutazama saa. Siweki kijiko mdomoni wala simnusishi kitunguu, hata majirani wakisema. Likivuka hapo ni hospitali, hakuna mjadala. Ile namba 115 ya m-mama, ya kuita usafiri wa dharura, ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kwa hiyo kwa mtoto wa umri wake tuligonga kwa jirani mwenye bajaji.

Mlinzi wa getini alipoona tumebeba mtoto hakuuliza tunamwona nani. Alipiga kelele ya machela, ikaja. Kadi ya bima niliulizwa baadaye, dawa ikiwa imeshaingia mwilini. Nesi alimpa kwanza dawa kwa njia ya haja kubwa, hakusubiri mpaka mshipa upatikane, na wakati huohuo mwenzake alimtoboa kidole kupima sukari. Degedege lilitulia tukiwa bado hatujaandikiwa faili.

Halafu yule nesi akainama karibu yangu akaniuliza: "Mama, akiwa mzima anakuwaje?"

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu nyota zote nne zimetoka kwenye swali hilo. Hospitali binafsi tuliyowahi kwenda kabla, yenye jengo zuri kuliko hili, dokta alimtazama mikono ilivyopinda na macho yasiyomfuata mtu, akaniambia ubongo umeathirika na hali ni mbaya sana. Alikuwa ananisomea maisha ya mwanangu ya kila siku. Kilichotupeleka pale kilikuwa kupumua kwa shida, na hicho kilichelewa kuangaliwa kwa sababu kila dalili ilitupiwa kwenye ulemavu. Mzazi wa mtoto mwenye usonji ninayefahamiana naye amepitia hayo hayo: mtoto anapiga kichwa ukutani, wanasema ndivyo walivyo, kumbe sikio limejaa usaha.

Huyu nesi alitaka kujua kawaida yake ili aone kilichobadilika. Nikamwambia: siku zote koo lake linakoroma mate, hilo lisikutishe, lakini mbavu huwa hazivutwi hivi. Akamfunua shati, akahesabu pumzi kwa dakika nzima huku anatazama mbavu. Siku zote kichwa anakigeuzia kushoto. Akisikia sauti ya dada yake anacheka, na sasa dada yake amesimama hapa anamwita, hachangamki. Akaniuliza, "Akiumwa analia?" Nikamwambia halii, anang'ata mkono wake wa kulia na kunyamaza. Akaliandika hilo kwenye faili kwa maneno yangu, nikamwona. Baadaye walipokuwa wanamgeuza akajing'ata, yeye ndiye aliyesema, "Subirini, anaumia," kabla sijafungua mdomo.

Kwenye mshipa pia aliniheshimisha. Kiwiko cha mwanangu hakinyooki, na wahudumu wengi huanza kukivuta. Yeye alikiacha kilivyo, akatafuta mguuni, akapata. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinasoma ovyo kwa sababu vidole vilikuwa vya baridi na vinatetemeka. Hakuiamini namba, akakihamishia kwenye dole gumba la mguu, akalipasha moto kwa kiganja chake mpaka usomaji ukatulia. Wakamnyonya makohozi kwa mashine, wakampa oksijeni, picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Dokta, kijana mdogo tu, alinieleza kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba watoto wanaopaliwa mara kwa mara chakula huteleza kikaingia kwenye mapafu, na homa ikipanda degedege nalo linaamka. Akanionyesha namna ya kumweka kiti kikiwa kimeinuka wakati wa kumlisha, kidevu kikishuka kidogo, asitazame juu.

Kulikuwa na karatasi pia. Fizio wake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliniambia zamani kwamba madaktari wa watoto na wa dharura wa Marekani wana fomu ya taarifa za dharura kwa watoto wenye mahitaji maalumu, na mimi nikaandika yangu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: ugonjwa, uzito na tarehe aliyopimwa, dawa na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, kawaida yake ikoje, maumivu anayaonyeshaje, namna ya kumbeba, namba ya daktari wake wa kliniki. Kwingine wameipokea na kuiweka chini ya faili. Hapa dokta aliisoma yote, akauliza maswali mawili, akaibandika kwa plasta kichwani mwa kitanda. Asubuhi walipokabidhiana zamu, nesi mpya aliisoma kabla ya kumgusa mtoto, akamwinua kwa kumshika nyuma ya mabega kama ilivyoandikwa. Sikuhitaji kuanza upya.

Sasa nyota iliyopungua. Sehemu yake ni jengo. Hizi EMD, yaani idara za dharura, nyingi za mikoani ni mpya, nyingine zimejengwa kwa zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, wakati kabla ya Muhimbili kufungua yake mwaka 2010 nchi haikuwa na idara kamili ya namna hii katika hospitali za umma. Ni hatua kubwa na naishukuru. Lakini choo cha hili jengo jipya mlango wake hauingizi kiti cha magurudumu, na hakuna mahali pa kumbadilisha nepi mtoto mkubwa. Nilimbadilisha mwanangu wa miaka 11 kitandani, mbele za watu, pazia halifiki mwisho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, kwa hiyo aliyechora ramani ya jengo hili hakukosa maelekezo. Mzani wa kukalia au kulalia mtoto mkubwa hakuna: ilibidi nisimame mimi naye kwenye mzani, kisha nisimame peke yangu, watoe tofauti. Inawezekana kwa kilo 17. Mama mwenye kijana wa kilo 40 atafanyaje?

Sehemu ya pili inaniuma zaidi. Kitanda cha jirani alikuwepo kijana kiziwi, ameanguka na bodaboda. Hakukuwa na mtu wa lugha ya alama. Daktari alimwandikia kwenye karatasi, kijana akaitazama na kutikisa kichwa tu, haijulikani kama ameelewa au amekubali ili wamwache. Wakati wanamfunga shingo alipigana nao, wakamshika kwa nguvu watatu. Mpaka binamu yake alipofika na kumwonyesha kwa mikono kinachofanyika, akatulia papo hapo. Wahudumu walewale walionisikiliza mimi usiku kucha hawakuwa na njia ya kumsikiliza yeye, kwa sababu hakuja na mama. Uzuri wa huduma niliyoipata ulinitegemea mimi kuwepo na kuongea. Hospitali inaweza kufundisha wauguzi wawili kila zamu alama za msingi, pana maumivu wapi, nakuchoma sindano, usitikise shingo, na kubandika michoro ukutani. Niliandika hivyo kwenye sanduku la maoni, na mtu wa ustawi wa jamii nilimwambia ana kwa ana.

Dawa ya kifafa ya mwanangu dirishani haikuwepo, ile ya maji. Nilikuwa na chupa yake kwenye mkoba, wakakubali aendelee nayo baada ya dokta kuisoma lebo. Mzazi mwenzangu, beba chupa yenyewe, usitegemee kutaja jina.

Ukienda usiku, mwambie dereva apite geti la nyuma linaloelekea moja kwa moja EMD. Geti kubwa lina ngazi tatu na njia ya mteremko iko upande wa pili kabisa wa jengo, mbali. Kiti cha magurudumu kiandike jina kwa maka peni, maana chetu kilibaki nje tulipopewa machela na asubuhi tulikikuta kimepelekwa wodi ya mifupa. Ndugu wa pili anaruhusiwa kuingia kama mgonjwa hawezi kujieleza, ila uombe mapema kwa nesi kiongozi wa zamu, kabla mlinzi wa ndani hajabadilishwa saa kumi na mbili.