Paka wa Kaunti ya Moose: uzoefu wangu na riwaya za upelelezi za Lilian Jackson Braun

Riwaya za Lilian Jackson Braun, ambazo majina yake yote huanza kwa maneno The Cat Who, ni 29, na zilitoka kati ya mwaka 1966 na 2007. Nimezisoma karibu zote bila mpangilio wowote, kadiri nilivyozipata katika vitabu vya mitumba vinavyotandikwa kando ya barabara hapa Mombasa, na chache nikazisikiliza katika sauti ya msomaji George Guidall huku nikipika. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayependa upelelezi lakini hataki kusimuliwa maiti kiungo kwa kiungo, na ambaye anajiuliza kama hadithi yenye paka katikati ni ya watu wazima au ya watoto. Ni ya watu wazima. Vitabu vya katikati ni vizuri sana, vya mwisho havina uzito, na kilichonishika muda wote huo si mauaji bali ni swali moja ambalo mwandishi hulizunguka kwa ustadi na halijibu: je, paka huyu anajua, au anafanya upaka wake tu?

Mwenye paka ni Jim Qwilleran, mwandishi wa habari wa makamo mwenye masharubu mazito, aliyeripoti uhalifu katika miji mikubwa ya Marekani kabla ulevi haujamwangusha. Katika kitabu cha kwanza ameshaacha pombe na anaanza upya katika gazeti ambalo limempa habari za sanaa, mambo asiyoyajua hata kidogo, na hapo ndipo anapokutana na Koko, paka dume wa aina ya Siamese. Namna Koko anavyoishia mikononi mwake siisemi, maana ni sehemu ya fumbo lenyewe. Jike mmoja mdogo, Yum Yum, mwenye mkono mwepesi wa kudokoa vitu vya watu, anaongezeka katika kitabu cha pili. Braun mwenyewe alifanya kazi kwa miaka mingi katika gazeti la Detroit Free Press, na ndiyo sababu kurasa za chumba cha habari zina ukweli ambao huwezi kuubuni ukiwa nje: kelele, wivu wa safu nani kapewa, na wahariri wanaokata aya uliyoipenda kuliko zote.

Baada ya vitabu vitatu, cha tatu kikiwa cha mwaka 1968, alinyamaza kwa miaka 18. Aliporudi mwaka 1986 hakukawia kumtoa Qwilleran mjini. Katika The Cat Who Played Brahms, kilichotoka mwaka 1987, Qwilleran anakwenda kupumzika katika kibanda cha magogo kandokando ya ziwa, sehemu ambayo wenyewe wanaieleza kuwa iko maili 400 kaskazini ya kila mahali. Hatimaye anaachiwa urithi mkubwa mno kwa sharti la kukaa huko miaka mitano, naye anakaa, na asitoke tena. Kaunti ya Moose haipo kwenye ramani yoyote ila hii ya Braun, lakini baada ya vitabu vitatu vinne nilikuwa naweza kutembea mji wa Pickax bila kuuliza njia. Kuna migodi iliyofungwa na watu wanaoishi kwa kumbukumbu za siku ambapo kaunti yao ilikuwa tajiri. Kuna maktaba inayoongozwa na Polly Duncan, mwanamke anayependwa na Qwilleran ingawa kila mmoja anabaki nyumbani kwake na paka zake. Kuna gazeti linaloitwa Moose County Something, jina la gazeti lililokosa jina, na hakuna mkazi anayeona ajabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hadithi za namna hii hupenda miji midogo. Mpelelezi wa ridhaa hana kibali cha kupekua nyumba, hawezi kumwita mtu kituoni, na hana maabara. Alicho nacho ni watu wanaosema. Katika mji ambapo mkahawani wanajua nani amenunua rangi mpya ya ukuta na kwa nini, habari zinamfuata mwenye masikio, mradi anunue kahawa na asionekane na haraka. Mtu aliyekulia katika mitaa ya Pwani hahitaji kuelezwa utaratibu huo. Qwilleran ana faida nyingine ya kuwa na safu gazetini, kwa hiyo akiuliza juu ya kisima cha marehemu au ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka 40 iliyopita, watu wanadhani anatafuta cha kuandika, nao wanaongea mpaka usiku.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote hurudiwa katika kitabu baada ya kitabu, na sijaichoka. Jioni, mkuu wa polisi Andrew Brodie anapita kwenye ghala la matufaha ambalo Qwilleran amelifanya makao. Anamiminiwa wiski, mwenyeji, ambaye hanywi tena, anajimiminia maji ya madini ya huko huko yanayoitwa Squunk. Wanazungumza mambo ya hali ya hewa. Brodie, ambaye kazini hawezi kutamka neno, anadondosha jambo moja kana kwamba limemponyoka: kwamba dirisha lilivunjwa kwa ndani, au kwamba fulani alionekana barabarani siku ile. Masharubu ya Qwilleran yanamsisimka, maana hiyo ndiyo dalili yake ya kushuku. Na wakati huo huo, juu kwenye rafu, kinasikika kishindo: Koko amesukuma kitabu kikaanguka. Qwilleran anakiokota, anasoma jina lake, anakirudisha. Kurasa 80 baadaye jina lile linaanza kukaa vizuri mno pamoja na jina la mtu au mahali fulani.

Angalia jinsi jambo hilo linavyopimwa. Koko hasemi. Haelekezi kidole, hana kidole. Ukitaka kusema kwamba alivutiwa na harufu ya gundi ya jalada kuukuu, kitabu hakikukatazi. Mimi nina paka nyumbani ambaye hupangusa mezani kila kilichowekwa ukingoni, kuanzia kikombe hadi simu ya mgeni, na hajawahi kufumbua jambo lolote. Qwilleran naye anaona haya kumwambia polisi kwamba paka wake ndiye aliyemfungua macho, kwa hiyo inambidi atafute njia ya kibinadamu ya kufikia jibu lile lile. Hapo upelelezi unabaki kuwa wa mtu, ilhali shaka inabaki kuwa ya paka. Agatha Christie alilielewa jambo la karibu na hili tangu mwaka 1937 katika Dumb Witness, ambamo mbwa aitwaye Bob na mpira wake wa kuchezea juu ya ngazi vinakuwa na maana kwa sababu tu mpelelezi wake, Poirot, anajiuliza mbwa huyo kwa kawaida hufanya nini. Tabia ya mnyama ni ushahidi usioweza kushawishiwa kusema uongo.

Kwa kulinganisha, nilijaribu pia riwaya za Rita Mae Brown, ambaye tangu mwaka 1990 amekuwa akimtaja paka wake Sneaky Pie Brown jaladani kuwa mwandishi mwenza. Mji ni Crozet, katika jimbo la Virginia, ambao ni mji wa kweli, na mpelelezi ni mwanamke aitwaye Harry anayeendesha posta. Posta ni chaguo la akili sana: nani mwingine angekuwa wa kwanza kuona kadi zenye picha za makaburi walizotumiwa watu wanaokufa siku chache baadaye? Lakini wanyama wa huko, paka Mrs. Murphy na mbwa Tucker, wanazungumza wao kwa wao sentensi nzima nzima, msomaji akisikia na binadamu wasisikie. Inachekesha kwa muda, na mbwa ana ulimi mzuri. Kwangu mimi, paka akishaanza kutoa maoni juu ya ndoa za watu anakuwa jirani mwenye manyoya, na lile swali nililolipenda linakufa. Wapo watakaopenda hivyo zaidi, hasa wanaosoma kwa ajili ya kucheka.

Msomaji wa Kiswahili aliyekuzwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mvuta kiko wa Unguja ambaye hakuwa askari wala mwajiriwa wa mtu, hatajiona mgeni Pickax. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na raha yake ni ile ile ya kumwona mtu mtulivu akikataa maelezo rahisi ambayo mji mzima umeshayakubali. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hufika mwisho kwa hoja, na ndivyo anavyokupiga bao kwa haki. Qwilleran mara nyingine hufika kwa bahati, au kwa mkosaji kuropoka mwenyewe, na mtu anayetaka kushindana na mwandishi kutafuta muuaji atahisi amepunjwa.

Hilo ni kosa la kwanza, na yapo mengine. Utajiri wa Qwilleran hutatua mambo mengi kupita kiasi: shule inataka jengo, ukumbi umeungua, mfuko wake wa hisani unalipa, aya inayofuata. Mauaji nayo ni mengi kwa kaunti ndogo kiasi kile, ingawa hiyo ni dhambi ya aina nzima ya hadithi hizi na nimeisamehe. Nisichoweza kusamehe ni vitabu vya mwisho mwisho, vile vilivyotoka baada ya mwaka 2000, ambamo maonyesho, karamu na safu za gazeti zinajaza kurasa hadi fumbo linasukumwa pembeni na kufungwa haraka haraka. Koko naye humo amegeuka mtabiri. Kila anapopiga chafya kuna mtu amekufa. Braun alikuwa ameshapita miaka 90 alipotoa cha mwisho, na heshima yake iko palepale, ila msomaji analipa pesa ile ile.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi ni fupi, hakuna matusi wala mambo ya chumbani, kwa hiyo kitabu kinaweza kuachwa mezani hata kama nyumbani kuna wanafunzi wa sekondari wanaookota kila kitu. Usianze na cha kwanza. Anza na hicho cha Brahms cha mwaka 1987, kisha kile kinachofuata, The Cat Who Played Post Office, na ukishauzoea mji ndipo urudi nyuma kwenye vile vitatu vya zamani, ambavyo ni vikali zaidi na vina moshi mwingi wa jiji. Ukinunua mitumba, fungua kurasa za mwisho kabla hujalipa uhakikishe zipo zote. Vya miaka ya 80 na 90 navipa nyota nne kati ya tano. Vya baada ya mwaka 2000 navipa mbili, moja ya hizo ikiwa ya Yum Yum.