Kampuni inayonisimamia nyumba Goba: wapangaji wapo, lakini hii 18,000!

Elfu kumi na nane si hela ya kumkosesha mtu usingizi, najua. Mimi imenikosesha.

Nina nyumba Goba, sehemu tatu, kila moja chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nikaikabidhi kwa kampuni ya usimamizi, ada asilimia 10 ya kodi. Kwa mnaoanza biashara hii: asilimia 10 hainiumi hata kidogo. Sehemu moja ni 250,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja huku dalali anakupiga kalenda, umepoteza karibu ada yao ya mwaka mzima kwa sehemu hiyo. Na hawa, kusema kweli, hawajaniachia mlango ukae wazi.

Sasa ikaja taarifa ya mapato kwa WhatsApp. Kodi iliyokusanywa, ada yao, fundi bomba, sawa. Chini kabisa: "Kodi ya jengo, 18,000". Jamani! Tangu 2021 kodi ya jengo si inakatwa kwenye LUKU? Nyumba ya kawaida isiyo ghorofa sasa ni 1,500 kila mwezi. Zidisha kwa 12 uone inakuja ngapi. Yaani wapangaji wameshailipa kidogo kidogo wakinunua umeme, halafu mimi nakatwa yote tena kwa mpigo!

Nikampigia mpangaji wa mbele, akanitumia ujumbe wa tokeni. Kanunua umeme wa 10,000, na 1,500 imenyofolewa pale pale. Nikamuuliza kama ofisi huwa inamrudishia, maana mwenye kulipa kodi ya jengo ni mwenye nyumba. Akacheka. "Nani arudishe, mama?"

Nikapiga ofisini. Kijana wa mahesabu ananiambia, "Mama, mambo ya TRA ni marefu, kwa simu hutayaelewa." Mimi! Nimekaa uhasibu serikalini mpaka mvi zimeota. Nikamwomba kontroo namba ya hiyo 18,000, maana hela ya serikali hailipwi hivi hivi. Kimya. Kisha: "Kama hutuamini, njoo usimamie mwenyewe." Akakata simu.

Haki yao niwape, hata kama moyo hautaki. Kabla yao LUKU ilikuwa moja, na kila siku kesi: nani ana friji, nani anapiga pasi saa sita usiku. Wakamleta fundi, akafunga mita ndogo kila sehemu, ugomvi ukaisha. Mpangaji wa nyuma aliyeshafungasha mizigo akalipa miezi sita mingine. Mita zile zimeniingizia faida kuliko vigae vyote nilivyobandika. Kwa hilo nilishaamua nyota tatu.

Halafu majuzi 18,000 imerudi. Samahani hakuna. Imeandikwa "punguzo kwa mteja". Punguzo! Hela yangu mwenyewe! Na wapangaji wala hawakukumbukwa, nimewarudishia 1,500 zao mwenyewe kwa simu.

Nyota moja, na hiyo ni ya fundi wa mita. Mkataba unakaribia kuisha, kwa hiyo anayemjua msimamizi Goba au Madale anayejibu simu kwa adabu anitajie. Hata akitaka asilimia 12 nalipa.