Wahakiki wa jezi kuukuu: nyota moja, tena nimejikaza

Ningeweka sifuri kama ingekubalika.

Nililipa kampuni moja huku Marekani inihakikie jezi ya beziboli ya St. Louis Browns, ya sufu nzito, ambayo muuzaji anasema ilivaliwa uwanjani 1952. Nilikuwa nimeweka amana tu. Kwa bei ile sinunui kitu kwa mdomo wa mtu. Barua yao ikaja na muhuri wa kumetameta: lebo inalingana na kipindi.

Lebo ipi? Chini ya lebo ya kiwanda, ndani ya mshono wa kola, kuna kitambaa kidogo chenye namba ya RN. Tarakimu tano, ya kwanza ni 5. Namba hizi kampuni za nguo hupewa na FTC, tume ya serikali ya biashara, na mfululizo huo ulianzia 13670 mwaka 1959. Browns walicheza msimu wao wa mwisho 1953, mwaka uliofuata wakahamia Baltimore wakawa Orioles. Yaani ama kampuni ilishona namba ambayo bado haijatolewa, ama iliishonea jezi timu ambayo ilishakufa. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alianza kwa adabu zote. Nilipotaja RN akanyamaza, kisha akaniuliza, kwa ule upole wa kukera, kama kwetu huwa tunacheza beziboli.

Ndugu yangu, kwetu tunafungua belo. Mama aliuza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na kabla sijasoma gazeti nilikuwa napindua kola nikitenganisha kamera, zile nguo bora, na fagia, yaani makapi. Gongo la beziboli sijawahi kulishika na halihusiani na chochote hapa. Nimeuliza habari ya lebo, nijibu habari ya lebo! Jibu lake likawa kwamba "wataalamu wetu wameshaiangalia", akakata.

Wataalamu gani hao? Mimi nilichukua ile taa ya kukagulia noti bandia, nikazima umeme sebuleni. Uzi wa namba ya mgongoni, kimya kabisa. Uzi unaozunguka lebo unawaka buluu kama tangazo la baa. Pamba ya zamani haiwaki hivyo, kinachowaka ni dawa za kung'arisha zilizomo kwenye nyuzi za siku hizi. Kazi ya dakika chache, na taa yenyewe ni ya bei ya chakula cha mchana.

Haya, haki yao niwape. Picha zao ni safi mno, unahesabu nyuzi, na kusema kweli ile RN niliiona mara ya kwanza kwenye picha yao wenyewe. Kwa hiyo walikuwa nayo mbele ya macho. Sijui kama hiyo inawaongezea nyota au inawapunguzia. Tuseme mbili. Tena inawezekana kabisa jezi ni halali na lebo ilipachikwa baadaye na mjanja wa kupandisha bei. Sufu yake naiamini, kwapa zimeliwa na jasho. Wangeandika "jezi ya zamani, lebo si yake" ningewashukuru na kuwalipa tena.

Lakini wanajua karatasi yao ina nguvu gani. Jezi ya Babe Ruth, gwiji wa beziboli, ya 1932 iliuzwa 2005 kwa dola kama 940,000. Baadaye ikalinganishwa na picha za wakati ule, ikaonekana ndiyo aliyoivaa kwenye World Series, zile fainali za ligi, na 2024 ikapigwa mnada kwa dola milioni 24.12. Jezi za siku hizi hazina taabu hiyo, maana tangu 2001 ligi kuu ya beziboli yenyewe ina wahakiki wake na hologramu zake. Tunaowahitaji hawa ni sisi wa sufu, na huko kwenye sufu ndiko wanakolala.

Ada hairudishwi. Wameniambia naweza kulipia ukaguzi wa pili. Ile nyota ya pili naifuta, wabaki na moja.

Muuzaji nilimtumia picha ya ile RN, akaomba radhi na kushusha bei bila ubishi. Huyo ningempa nne.