Usinunue oili "rafiki wa mazingira" kabla hujaulizia namba ya iodini

Baada ya miezi mitatu nilifungua stoo, nikatoa msumeno wa mnyororo, nikajaribu kuuzungusha mnyororo kwa mkono. Haukusogea hata kidogo. Nikafungua kifuniko na kuutoa wote kwenye upanga wake, ukabaki mkononi na umbo lilelile la yai, kama waya uliopindwa kwa koleo. Kila kiungo kilikuwa kimeshikwa na utando wa rangi ya asali iliyoungua. Kitambaa hakikuutoa, na nilipoukwangua kwa ukucha uliingia chini ya ukucha ukakaa humo siku mbili. Pampu ya oili nayo ilikuwa imekwama. Chupa niliyoinunua ilikuwa na jani la kijani na maneno matamu. Muuzaji nilipomrudia alinijibu bila hata kuinua macho: "Dada, hiyo ni bio. Bio ndivyo zilivyo."

Sivyo zilivyo, na ndiyo sababu ninaandika.

Unene wa oili sitaueleza hapa. Kitabu cha mashine yako kimeshasema kama inataka 32, 46 au 68, kifuate. Wala sitapoteza muda kwenye swali la kama oili hizi zinalainisha vizuri, maana zinalainisha. Molekuli za esta, ambazo ndizo mafuta ya mimea yenyewe, zina ncha inayopenda kushika chuma, kwa hiyo utando wake haubanduki kirahisi vyuma viwili vinaposuguana. Na hazibadiliki sana unene kati ya baridi na joto: kipimo cha mnato dhidi ya joto cha mafuta mengi ya mimea hupita 200, wakati oili ya petroli ya kawaida huwa karibu na 100. Kinachoniudhi ni kile wasichokiandika kwenye chupa: itakuwaje oili hiyo ikikaa tu, hewani, juu ya chuma, miezi mitatu.

Mafuta mengi ya mimea yana vifungo maradufu, yaani atomi mbili za kaboni zilizoshikana mara mbili, kwenye mikia yake ya kaboni. Oksijeni huingilia hapo, molekuli zikaanza kushikana mikono, na oili ikawa gundi. Chuma na shaba huharakisha kazi hiyo. Bakteria wa udongoni, kwa upande wao, huingilia mlango mwingine kabisa, kile kifungo cha esta chenyewe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kutengeneza oili ambayo bakteria wanaila lakini oksijeni haina pa kushika. Anayekuambia kuganda ndiyo gharama ya kutunza mazingira ama hajui au anataka kumaliza mzigo wa zamani.

Namba ya iodini ndiyo inayosema vifungo hivyo ni vingi kiasi gani: ni gramu za iodini zinazonyonywa na gramu 100 za mafuta. Mafuta ya kitani yako kati ya 170 na 200, ndiyo maana wachoraji huyachanganyia rangi, yanakauka yakawa ngozi. Kanola huwa karibu na 110, alizeti ya kawaida karibu na 130. Sasa fikiria umemimina alizeti ya kawaida ndani ya pampu.

Nikizipanga kwa kigezo hicho, ya kwanza kwangu ni esta za kutengenezwa zilizoshiba, yaani zisizo na vifungo maradufu, zenye namba ya iodini chini ya 10. Kwenye ISO 15380, kiwango cha kimataifa cha oili za haidroli zinazotunza mazingira, zinaingia kundi la HEES, yaani esta za kutengenezwa, lakini angalia vizuri, kundi hilohilo lina pia esta ambazo hazikushiba, na muuzaji atakuuzia moja kwa jina la nyingine. Nina upendeleo na sikatai: ninaipenda Panolin HLP Synth, oili ya haidroli iliyoanzia Uswisi ambayo sasa iko chini ya Shell. Ndiyo iliyo kwenye mashine yangu ya kupasulia magogo. Oili za aina hii hukaa kwenye mfumo maelfu ya saa bila kubadilishwa, na hapo ndipo bei inapojirudisha. Ina adui mmoja, maji, kwa sababu maji huikata esta irudi kuwa asidi. Ukiona oili imekuwa na rangi ya maziwa, usiendelee kufanya kazi. Na ukihama kutoka oili ya petroli, osha mfumo kweli. Mabaki yasizidi asilimia 2, la sivyo unalipia esta na kupata mchanganyiko. Sili kuukuu za mpira wa naitrili zinaweza kuvimba, zitazame kwanza.

Ya pili ni alizeti au kanola yenye asidi nyingi ya oleiki, ambayo mkia wake una kifungo maradufu kimoja tu, iliyotiwa dawa ya kuzuia kushambuliwa na hewa. Namba yake ya iodini iko kwenye themanini na kitu. Hii ndiyo ninayotumia kwenye mnyororo sasa, kwa sababu msumeno hautunzi oili: yote inayoingia inarushwa kwenye udongo, hakuna tone linalorudi. Kuweka esta ya bei ya juu hapo ni kumwaga pesa chini. Ila kabla ya kuuweka msumeno stoo, ninatoa oili yote kwenye tangi, ninatia esta iliyoshiba kidogo na kuuacha uzunguke dakika moja ili pampu ilale na kitu kisichoganda.

Oili nyepesi za PAO (polialfaolefini, oili za kutengenezwa zisizo esta) zinafuata. Hazigandi, na zile nyembamba huozeka vizuri kiasi, nzito haziozeki hivyo. Zinatoka kwenye petroli, kama hilo linakusumbua. Poliglikoli, aina nyingine ya oili za kutengenezwa, siziwezi: nyingi hazichanganyiki na oili nyingine, baadhi hula rangi ya mashine. Mafuta ya nyonyo yana historia nzuri, jina la oili ya Castrol lenyewe lilitokana nayo mwaka 1909 (nyonyo kwa Kiingereza ni castor), yabaki huko kwenye historia.

Mafuta ya jikoni? Hapana. Oili chafu ya injini kwenye mnyororo? Hapana, na uone aibu.

Sasa wauzaji. Nimeomba karatasi ya taarifa za kiufundi mahali pengi, nikapewa kipeperushi chenye picha ya msitu. "Imetokana na mimea" haisemi kama inaozeka, wala haisemi ndani kuna zinki kiasi gani, na zinki ni sumu kwa viumbe wa majini. Anayejitetea atakuonyesha kipimo cha OECD 301, kwamba asilimia 60 au zaidi ya oili imeliwa na vijidudu ndani ya siku 28. Vizuri, kitake hicho, na nembo ya ua ya Umoja wa Ulaya ukiiona ni afadhali. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia mnyororo wako utasogea mwezi wa tatu. Halafu oili nzuri wanaileta kwenye ndoo za lita 20 peke yake, eti mteja wa lita moja hana faida. Lita 20 za kulainisha mnyororo mmoja!

Nikikosa karatasi, ninapima mwenyewe. Ninasugua vipande vya bati kwa msasa, kila kimoja ninakipaka tone la oili tofauti hadi libaki utando mwembamba, ninaandika majina kwa nyuma na kuviacha dirishani penye jua wiki mbili. Kisha ninaweka kidole gumba. Ile ya jani la kijani ilininyanyulia bati kutoka mezani.