Uanagenzi wa shahada au chuo cha kawaida England?

Uanagenzi wa shahada (degree apprenticeship) ni kuajiriwa huku unasomea shahada. Njia zote mbili humfikisha kijana kwenye shahada kamili. Linalotofautisha ni nani analipa. Chuoni, ada ya mwaka 2025/26 inafika pauni 9,535, na wengi huikopa. Mwanagenzi halipi ada hata senti, tena ana mshahara tangu siku ya kwanza. Ila hapati mkopo wa wanafunzi, hivyo kodi ya chumba na nauli zitoke kwenye mshahara huo.

Kwenye maombi ndiko vijana wengi wazuri wanakopotelea, na inauma. Chuo ni fomu moja ya UCAS, huduma ya pamoja ya maombi ya vyuo vikuu: machaguo matano, mwisho Januari kwa kozi nyingi. Uanagenzi ni ajira: kila mwajiri ana fomu yake, majaribio yake na usaili wake. Nafasi nyingi hutangazwa kuanzia Septemba, na baadhi hufungwa mapema waombaji wakizidi. Anayengoja matokeo ya mitihani yanayotoka Agosti ndipo aanze kutafuta, mara nyingi hukuta zimekwisha.

Kuomba kote kuwili kunaruhusiwa; fanya hivyo. Familia zilizohamia karibuni zikague kwanza masharti ya ukaazi, kwa kawaida miaka 3 ya kuishi Uingereza, kabla kijana hajajaza chochote.