Amitriptilini ya miligramu 25: kidonge kizuri, maelezo haba

Niliandikiwa amitriptilini kwa sababu ya maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi. Vidonda vya ubavuni vilikuwa vimeshakauka, lakini ngozi iliendelea kuwaka moto, na hata shati likigusa pale nilikuwa nikishtuka. Dawa yenyewe ni ya tangu miaka ya 1960, bei yake ni nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi huifahamu kama dawa ya sonona, ndiyo maana mgonjwa wa maumivu akipewa hudhani daktari ameona anajisingizia. Dhana hiyo haina msingi, na kemikali inayohusika hapa inaeleza kwa nini.

Seli za neva huwasiliana kwa kumwaga kemikali katika upenyo mwembamba uliopo kati yao, kisha seli iliyoimwaga huifyonza tena. Amitriptilini huzuia ufyonzaji huo kwa kemikali mbili, serotonini na noradrenalini, na ini hugeuza sehemu ya dawa kuwa notriptilini, ambayo huelemea zaidi upande wa noradrenalini. Msweden Ulf von Euler ndiye aliyebainisha mwaka 1946 kwamba noradrenalini ndiyo mjumbe wa neva zinazoharakisha mapigo ya moyo na kukaza mishipa ya damu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 pamoja na Julius Axelrod, aliyegundua ufyonzaji huo, na Bernard Katz. Ndani ya ubongo, sehemu kubwa ya noradrenalini hutoka katika kundi dogo la seli lililo kwenye shina la ubongo. Nyuzi za seli hizo hupanda hadi tabaka la juu la ubongo, ambako hutuweka macho na makini, huku nyingine zikishuka hadi kwenye uti wa mgongo na kupunguza nguvu ya taarifa za maumivu kabla hazijafika kichwani. Kwa hiyo, kidonge kimoja kinaweza kugusa huzuni na maumivu bila moja kuwa kisingizio cha jingine.

Kwangu usingizi ndio uliotangulia kurudi, kwa kuwa dawa hii pia huzuia histamini, kemikali nyingine inayotuweka macho. Maumivu yalififia polepole baadaye, hadi nikaweza kulalia ubavu ule. Anayeitumia kwa sonona asubiri zaidi, kwani ingawa ufyonzaji huzuiwa mapema, huzuni huchukua wiki kadhaa kupungua, na dozi huwa kubwa kuliko ya maumivu, ambayo mara nyingi huanzia miligramu 10 hadi 25 usiku.

Kasoro zake si ndogo. Kinywa hukauka kiasi kwamba ugali haumezeki bila maji, choo huwa kigumu, na asubuhi kichwa huwa kizito. Kizunguzungu unaposimama ghafla kina sababu ya pekee: dawa huongeza noradrenalini, lakini papo hapo huziba baadhi ya vipokezi vyake (sehemu za seli zinazoipokea) kwenye mishipa ya damu, hivyo mishipa huchelewa kukaza na presha hushuka kwa muda. Wazee wanahitaji uangalifu hasa hapo, kwa sababu ya hatari ya kuanguka.

Kilichonisikitisha ni huduma ya duka la dawa. Nilikabidhiwa vidonge ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", basi. Hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba, wala kama ninatumia tramado, dawa ya kutuliza maumivu, ambayo ikichanganywa na dawa hii huongeza hatari ya degedege na ya serotonini kuzidi mwilini. Maswali hayo hayachukui hata dakika tano, na kwa dawa ya aina hii ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa maumivu ya neva ninaipa dawa hii nyota nne kati ya tano. Kwa maelezo niliyopewa dirishani, nyota moja. Atakayeandikiwa asiiache ghafla bila kuzungumza na daktari, na aifungie mahali ambapo watoto hawafiki, kwa sababu ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua.